Jicho la Pili

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na ninyi mnaofanya kazi moja na wake zenu au waume zenu mkae mbele kabisa, maana habari hii inawahusu kuliko wengine.

Palikuwa na nyumba iliyokuwa na raha yake. Asubuhi, upande mmoja wa meza palikuwa na vikombe vya chai, upande wa pili ramani za moshi. Msicheke. Mume na mke walikuwa wataalamu wa kukadiria mtawanyiko wa moshi, kazi ambayo wengi wetu hatujui hata kama ipo. Mtu akitaka kujenga kiwanda, kabla hajaruhusiwa kuwasha tanuri, watu kama hawa hukaa na kompyuta wakaiuliza: moshi ukitoka kwenye bomba la urefu huu, kwa upepo wa mahali hapa, utatua wapi, na utakuwa mzito kiasi gani ukifika puani kwa watu? Jibu hutoka kama ramani ya rangi. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari.

Mume walimwita Bwana Upepo. Jina hilo alilipata ofisini, kwa sababu alikuwa akisimama dirishani, akitazama nguo zilizoanikwa kwenye roshani za watu, na kukwambia upepo wa siku hiyo kabla hujafungua mitambo. Mkewe alijifunza kazi kwake. Alipoajiriwa hakujua hata kufungua programu, na Bwana Upepo ndiye aliyemketisha, akamwonyesha, wakapendana juu ya hizo hizo ramani. Tangu hapo walikuwa na desturi yao: ripoti ya mmoja haitoki mpaka mwenzake ameipitia. Wakaiita jicho la pili, na ofisi nzima ikaiiga.

Mtoto wao wa pekee walimpa jina la Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Aliuliza moshi unalala wapi, kama upepo una mama, na kwa nini baba anakoroma. Akitoka shule alikwenda kwa bibi yake, mama wa Bwana Upepo, aliyekaa mtaa wa chini, na huko alishinda akipiga domo na bibi mpaka wazazi watoke kazini.

Basi, mkuu wa kitengo chao akastaafu. Kila mtu alimtazama Bwana Upepo, na Bwana Upepo naye, tusidanganyane, alikwisha nunua koti jipya. Mkurugenzi akamchagua mkewe.

Bwana Upepo alimpongeza. Alimkumbatia mbele za watu na kucheka na wale waliomtania kwamba sasa bosi wake analala upande wa pili wa kitanda. Lakini roho ilimuuma, jamani, ilimuuma vibaya. Koti jipya alilirudisha kabatini bila kulivaa. Mkewe alipewa chumba chenye lile dirisha lake la kutazamia nguo za watu, na kila alipopita mlangoni alihisi kama ameibiwa. Nyumbani akaanza kuona maringo pasipo na maringo: mke akiweka funguo mezani, aliona ameziweka kibosi, simu yake ikilia wakati wa kula, aliona ameiacha ilie makusudi. Siku moja Kasuku alimuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kama ni kweli mama ndiye anayempa baba kazi. Akamwambia ale anyamaze. Hakuwahi kumwambia mtoto yule anyamaze.

Nawauliza, huyo mke alikosa nini? Hakukosa kitu. Na wivu hauhitaji mtu akukosee.

Ikaja kazi ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, kilichotaka kujengwa kati ya vilima na mtaa wa chini. Mke akaishika mwenyewe. Wenye kiwanda walikuwa wamesimamisha mlingoti wenye kipima upepo kipya, wakampa takwimu zake. Muda ulikuwa mfupi, na kazi za ukuu zilimbana huku na huku. Asubuhi moja akaisogeza ramani kwenye meza ile ya chai, mbele ya mumewe. Rangi nyekundu yote ilikuwa imelala juu ya vilima, pasipo na mtu wala nyumba. Mtaa wa chini ulikuwa kijani kitupu. Hata nyumba ya Bibi alikuwa ameiwekea alama yake, kwa ajili ya Kasuku, na penyewe palikuwa kijani.

"Imenishangaza kidogo kuwa safi hivi," mke alisema. "Hebu niangalizie upepo hasa. Hapo wewe ndiye mwalimu."

Chai yake ilikuwa bado ya moto Bwana Upepo alipoliona kosa. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa kule unakotoka. Ukisikia upepo wa kaskazini, ujue unatoka kaskazini. Lakini kile kipima kipya kiliandika kule upepo unakokwenda. Mkewe aliziingiza takwimu kama alivyozizoea, na ramani nzima ikageuka nyuma mbele. Bwana Upepo alizaliwa mtaa wa chini. Alijua upepo wa asubuhi hushuka kutoka vilimani, ukapita pale pale pa kiwanda, ukaingia madirishani kwa watu. Ile nyekundu yote mahali pake palikuwa juu ya paa la mama yake.

Neno lilimfika mdomoni. Lingetoka, yangeisha pale pale, na mke angemshukuru. Akalimeza. Akasema, "Iko sawa. Safi kabisa."

Najua mnavyomwangalia. Lakini msidhani alitaka moshi umwingie mtu, la. Yeye alikuwa na hesabu zake. Kungekuwa na mkutano wa kupitisha ripoti, mbele ya Mkurugenzi, wenye kiwanda na watu wa mamlaka ya mazingira. Angemwacha mkewe aeleze mpaka mwisho, kisha angeinua mkono kwa upole na kusema, samahani mkuu wa kitengo, nadhani umeugeuza upepo. Basi. Kosa lingerekebishwa, hakuna ambaye angeumia, na kila mtu angejua nani alistahili lile dirisha. Alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno hayo kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu.

Siku ya mkutano akalivaa lile koti. Mke alieleza vizuri, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bwana Upepo alikwisha weka kiwiko mezani, tayari kuinua mkono, Mkurugenzi alipouliza kama kuna mtu mwingine aliyeikagua kazi hiyo.

"Mume wangu ameipitia," mke alisema, akamgeukia kwa tabasamu. "Na sina jicho ninaloliamini kama lake."

Macho yote yakamgeukia. Mnaona alivyonaswa? Akisema kuna kosa, wataulizana kwa nini hakulisema nyumbani. Akisema hajaiona ripoti, mkewe yuko hapo hapo. Jasho lilimtoka chini ya koti jipya. Akatikisa kichwa kukubali, na ripoti ikapitishwa.

Kiwanda kikajengwa na tanuri likawashwa. Bomba lake lilikuwa fupi, kwa kuwa ramani ilisema halihitaji kuwa refu. Katika miezi yote ile ya ujenzi Bwana Upepo angeweza kusema siku yoyote. Kila siku alijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana, maana sasa kulikuwa na makosa mawili ya kueleza, na la kwake ndilo lililokuwa kubwa.

Bibi alianza kulalamika kwamba nguo akianika nyeupe anaanua za kijivu. Kasuku akaanza kukohoa. Bwana Upepo akashauri kwamba mtoto asipelekwe tena kule. Mke akamuuliza kwa nini. Akababaika, akasema Bibi amezeeka, anachoka. Mke alishangaa: Bibi huyo aliyekuwa akifagia uwanja mzima kabla ya chai? Bibi naye alipozisikia habari hizo alilia, akaona mwanawe anamwonea haya kwa umaskini wake. Mambo yakaachwa yalivyo, na mtoto akaendelea kwenda.

Kisha mchana mmoja Bibi akapiga simu. Walipofika walimkuta Kasuku amekaa kitandani, mabega juu, anavuta pumzi kwa kelele kama mlango uliokauka bawaba. Alitaka kusema neno na hakuweza. Mtoto aliyekuwa haishi maneno alikuwa anamtazama baba yake tu.

Zahanati wakamwekea hewa na dawa ya kuvuta. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye haraka, aliwaambia wamemuwahi, kisha akauliza kama mtoto huwa anashinda karibu na moshi.

"Hapana," mke alijibu bila kusita. "Kuna kiwanda, lakini moshi hauendi upande ule. Nimeupima mwenyewe."

Bwana Upepo akamgusa mkewe begani. Akamwomba watoke, wakasimama koridoni karibu na benchi la wagonjwa.

"Upepo umegeuzwa," alisema. "Kile kipima kiliandika unakokwenda. Moshi wote unashukia mtaani."

Mke akafikiri, na mumewe aliona hesabu zikipita usoni mwake moja moja mpaka zikafika. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umejua lini?"

"Siku ile uliponipa ramani."

"Kabla ya mkutano?"

"Kabla."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, halafu akatoa simu kwenye mkoba, akampigia Mkurugenzi na kumwambia tanuri lizimwe leo leo, kwa sababu amekosea mwelekeo wa upepo, na kosa ni lake. Jina la mumewe hakulitaja. Alipomaliza akarudi ndani kwa mtoto na kumwacha mwanamume amesimama koridoni.

Tanuri lilizimwa mpaka bomba refu na vichujio viwekwe. Ilionekana Kasuku hakuwa peke yake. Mtaa wa chini ulikuwa umejaa watoto wanaokohoa na wazee wanaolala wamekaa. Mke aliandika maelezo yake mwenyewe, akaupoteza ule ukuu, lakini kazi hakufukuzwa, kwa kuwa alilisema kosa lake siku ile ile alipolijua. Mkurugenzi hakuwa amesahau maneno ya mkutanoni. Akamwita Bwana Upepo, akamuuliza swali lile lile aliloulizwa koridoni. Safari hii alijibu bila kuzunguka, na leseni yake ikafutwa. Siku hizi anauza vifaa vya umeme dukani kwa shemeji yake.

Lakini neno lililomuuma zaidi lilitoka kwa mama yake. Alikwenda kumpigia magoti, akamkuta amekaa na dawa yake ya kifua mapajani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ndiyo maana ulitaka kumwondoa mtoto," alisema. "Na mimi je, mwanangu? Mimi ulikuwa unaniacha hapa?"

Nawauliza tena. Ninyi mngemjibu nini?

Nyumba haikuvunjika. Wanakaa pamoja, wanakula pamoja, mke anamsalimu vizuri. Kasuku anaongea tena, ila katikati ya sentensi husimama kidogo avute pumzi, na wote wawili humsubiri bila kutazamana. Majuzi mke alikuwa amekaa kwenye meza ile ya chai na ramani mpya ya kazi nyingine. Bwana Upepo aliitazama kwa mbali, akatamani, mwishowe akajikaza.

"Nikuangalizie?" aliuliza.

"Asante," mke alisema, akiikunja taratibu. "Nimeshapata jicho lingine."

Akaitia kwenye mkoba, akamaliza chai yake na kwenda kazini.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu ni ugonjwa wa nyumbani. Mtu wa mbali akipanda cheo tunasema hongera na kulala usingizi. Anapopanda yule tuliyemfundisha, au tunayekula naye sahani moja, ndipo tunapoanza kumtafutia pa kuangukia. Bwana Upepo hakumwekea mkewe mtego. Alinyamaza tu, akaona kunyamaza si kosa. Mtaa mzima ukaja ukavuta ule ukimya wake.

Ninyi wenye ujuzi, wa kupima moshi, maji, dawa au majengo, mkumbuke kwamba mkiombwa kukagua kazi ya mwenzenu hamkuombwa mhukumu nani hodari. Mmeombwa kwa niaba ya watu wasioijua hata hiyo ramani, wanaoanika nguo na kufungua madirisha asubuhi kwa kuwaamini. Wivu ukikubana, mwambie mwenzako kwamba umekubana. Ni aibu ya siku moja, na itapita.

Na ukiona kosa lake, mwambie hapo hapo, kabla chai haijapoa.