Kadi Iliyopigwa Pasi

Kila asubuhi, chumba cha mbele cha nyumba ya dobi hujaa mvuke mapema. Upande wa kushoto kuna mabeseni na sabuni. Huko anatawala Mama Povu. Upande wa kulia kuna meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, na juu yake pasi. Hiyo ni himaya ya mumewe. Mtaa mzima unamwita Nyoosha.

Hilo si jina la bure. Nyoosha hawezi kuona kitu kilichojikunja akakiacha. Hupiga pasi mashati na mapazia, na hata kamba za viatu vya wateja. Gazeti hulipiga pasi kabla ya kulisoma.

"Namshukuru Mungu uso wangu bado hauna makunyanzi," mkewe huwaambia wateja. "Siku nikiyapata, sijui nitajificha wapi."

Mama Povu naye alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulikuwa kadi ya malipo. Kadi yenyewe ilikuwa na kioo kidogo, na kitufe pembeni. Ukibonyeza kitufe, kioo kiliwaka na kuonyesha salio. Ukitaka kulipa, kioo kilikupa namba fupi ya siri. Namba hiyo ilibadilika kwa kila malipo, ili mwizi asiweze kuitumia tena.

"Hebu ona," Mama Povu alimwambia kila mteja. Akabonyeza. Kioo kikawaka.

"Kweli, kinawaka," mteja alisema.

"Subiri, uone tena."

Na mteja, maskini, alisubiri akaona tena.

Kadi ilikaa kwenye mfuko wa aproni. Mama Povu alipoinama kufua, tumbo liliikunja, na ukingo wa beseni ukabonyeza kitufe. Basi kioo kikawa kinawaka humo mfukoni mchana kutwa, bila mtu wa kukitazama. Siku zilivyopita, mwanga ukafifia. Mama Povu akadhani kioo kimeingia uchafu. Akakisugua kwa povu, maana hiyo ndiyo dawa pekee aliyoiamini.

Siku ya Alhamisi simu ililia. Alikuwa binti yao wa pekee, anayeishi na mumewe katika mji mwingine.

"Mama! Nimejifungua! Ni msichana!"

Mama Povu alipiga kelele za furaha. Nyoosha aliacha pasi, akaja mbio, akataka kuongea kwenye simu, lakini hakupewa.

"Jumamosi naruhusiwa kutoka hospitali," binti alisema. Sauti yake ikapungua. "Mama, nataka nikifika nyumbani nikukute. Mtoto huyu ni mdogo mno. Naogopa hata kumgeuza."

"Nitakuwa mlangoni, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Treni ya kwenda mji huo ilikuwa moja tu kwa wiki, nayo iliondoka Jumamosi alfajiri. Stesheni ilikuwa imeacha kupokea pesa mkononi. Bila kadi, hupiti getini. Nyoosha hakuwa na kadi. Siku zote alisema yeye na pasi yake wanatosha.

Mama Povu aliiweka kadi mezani, akaenda chumbani kutafuta begi la safari.

Nyoosha akaiona. Ilikuwa imepinda katikati. Moyo ukamuuma. Mke wake aende kumwona mjukuu wa kwanza akiwa na kadi iliyopinda namna hii? Haiwezekani. Si kwamba hakuwa mwangalifu. Alitandika kitambaa chenye unyevu juu yake, akapunguza moto wa pasi, akapitisha taratibu, kwa mapenzi yote.

Harufu ilimtoa Mama Povu chumbani.

"Nini kinaungua?"

"Hakuna kinachoungua," Nyoosha alisema. "Nimekunyooshea kadi yako. Tazama ilivyolala."

Kweli ilikuwa imelala. Mama Povu alibonyeza kitufe. Kioo hakikuwaka. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kikabaki cheusi.

"Baba wee! Umepiga pasi kadi?"

"Niliweka kitambaa!"

"Na pesa zetu zimo humo ndani!"

Nyoosha aliitazama kadi. "Labda hazijaungua zote," alisema.

Mama Povu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, machozi yakamtoka. Akilini alimwona binti yake akishuka kwenye gari na kichanga mikononi, akiutazama mlango usio na mtu. "Nimemwahidi," alisema. "Nimemwahidi mtoto wangu."

Nyoosha alisimama na kitambaa chake mkononi, akajiona mjinga kuliko wajinga wote.

Wakati huo jirani yao aliingia kuchukua sare zake za kazi. Huyu ni mwanamke wa makamo, fundi katika ofisi inayotoa kadi hizo. Watu humwita Fundi, basi.

"Hodi! Sare zangu zimekauka?" Akawatazama. "Kuna msiba?"

"Kuna mjukuu," Nyoosha alisema, "na kuna msiba."

Wakamweleza. Fundi aliposikia neno pasi, alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakamcheza. Kisha akashindwa kabisa, akacheka hadi akashika ukuta.

"Samahani, shemeji," alisema akifuta macho. "Nimeona kadi zilizotafunwa na mbuzi. Nimeona kadi iliyofanywa kijiko. Ya kupigwa pasi, hii ni ya kwanza."

"Pesa zetu je?" Mama Povu aliuliza.

"Pesa zako ziko salama. Hazikai ndani ya kadi, dada. Zinakaa kwenye akaunti yako. Kadi ni ufunguo tu. Ufunguo ukivunjika, nyumba haiporomoki. Kesho asubuhi njoo ofisini na kitambulisho chako. Tutaifunga hii na kukupa nyingine."

Mama Povu akavuta pumzi. Nyoosha akavuta kubwa zaidi.

"Lakini nikupe nyingine uiue tena?" Fundi aliendelea. "Njooni niwaonyeshe. Ndani ya kadi hii kuna betri nyembamba sana. Haichajiwi. Ikiisha, ndiyo imeisha. Sasa niambie ukweli, kwa siku unabonyeza kitufe mara ngapi?"

Mama Povu akatazama pembeni.

"Mwambie," Nyoosha alisema.

"Nikipata mteja, namwonyesha kidogo."

"Na asipokuwepo mteja, ananionyesha mimi," Nyoosha aliongeza.

"Ndiyo hivyo," Fundi alisema. "Kioo ndicho kinachokula betri. Kila kikiwaka, kinakula. Bonyeza unapolipa tu. Salio litazame kwenye simu. Na unaiweka wapi?"

Mama Povu akaonyesha mfuko wa aproni. Fundi akamwomba ainame kama anafua. Alipoinama, wote watatu wakaona jinsi mfuko unavyobanwa na beseni.

"Kumbe nimeibonyeza kutwa nzima bila kujua!" Mama Povu alisema.

"Na kuipinda. Pembezoni mwa kadi kuna waya mwembamba unaoizunguka. Kwa waya huo kadi inaongea na mashine. Ukiipinda kila siku, waya unakatika. Usiitoboe tundu pia, ukitaka kuivalisha kamba. Tundu linakata waya."

"Na joto?" Nyoosha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Joto ndilo adui mkubwa wa betri, shemeji. Si pasi tu. Hata dirishani penye jua kali, au juu ya jiko, betri inachoka mapema. Na ikipata moto mkali inaweza kuvimba au kuwaka. Shukuru Mungu haikukulipukia. Hii msiitupe jalalani wala motoni. Iwekeni kwenye kopo la bati, nje, mbali na nguo. Kesho mje nayo, ofisini tuna chombo cha betri mbovu."

Nyoosha aliibeba kadi ile kwa vidole viwili hadi uani, akarudi kuitazama mara kadhaa.

Ijumaa, ofisi ilipofunguliwa, Mama Povu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na Nyoosha nyuma yake na kopo lake. Fundi aliifunga kadi ya zamani, akatoa mpya. Akapunguza mwanga wa kioo, akakitegesha kizime mapema baada ya kuonyesha namba. Akampa na kifuko kigumu ambacho hakipindi wala hakiruhusu kitufe kubonyezwa.

"Kuna jambo moja zaidi," alisema. "Ukifika kwenye mashine, itoe kadi peke yake. Ukiigusisha pamoja na kadi nyingine, ni kama watu wawili wanaokuita kwa pamoja. Mashine haijui imjibu nani. Halafu iweke na uitulize mpaka usikie mlio. Watu wengi wanaipunga kama wanafukuza nzi."

"Na mimi nataka kadi," Nyoosha alisema ghafla.

Mkewe akamgeukia. "Wewe na pasi yako si mnatosha?"

"Mjukuu wangu huyo utamwona peke yako? Wiki ijayo naja."

Jumamosi alfajiri stesheni ilijaa watu. Nyoosha alibeba begi hadi kwenye geti. Treni ilikuwa imeshafika, milango iko wazi. Mama Povu, kwa haraka, alibandika mkoba mzima kwenye mashine. Taa nyekundu ikawaka. Akaubandika tena na kuuzungusha. Nyekundu. Watu nyuma wakaanza kuguna.

"Mama, tunachelewa!" mwanamume mmoja mwenye kofia alisema.

Mama Povu akaufungua mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na kadi ya kliniki, na ya chama cha akiba, na simu.

"Peke yake!" Nyoosha alipaza sauti. "Itoe peke yake!"

Akaitoa kwenye kifuko. Akaibandika kwenye mashine, akaishikilia hapohapo bila kutikisika. Mlio ukasikika. Akabonyeza kitufe mara moja. Namba ikatokea, inasomeka vizuri. Akaiandika kwenye mashine, na geti likafunguka.

Yule mwenye kofia akabandika pochi yake nene. Taa nyekundu. Akaipunga juu na chini.

"Itoe peke yake, kaka, na uitulize," Mama Povu alimwambia kutoka upande wa pili. "Hiyo mashine si nzi."

Geti likamfungukia. Akacheka, akambebea begi hadi kwenye behewa.

Mchana, Mama Povu alifika kwa binti yake kabla ya wenyewe kurudi. Jirani wa binti, aliyeachiwa ufunguo, alimfungulia mlango. Akafagia, akatandika kitanda, akachemsha maji. Aliposikia gari linasimama, alitoka mbio, akasimama mlangoni kama alivyoahidi.

Binti alishuka polepole. Alipomwona mama yake, uso wake wote ukabadilika.

"Umekuja," alisema, na hapohapo akaanza kulia.

"Nimekuja, mwanangu. Lia tu. Kisha uoge, ule, ulale. Huyu nipe mimi."

Mama Povu alimpokea mtoto. Miaka yote mikono yake ilikuwa imekamua mablanketi mazito, lakini sasa ilibeba kitu chepesi kuliko shati, naye akaogopa. Mtoto alipiga chafya ndogo, akatulia kifuani pake. Woga ukamtoka. Furaha ikamjaa hadi akakosa pa kuiweka.

Binti alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu ajifungue. Mama Povu hakukaa. Alimzungusha mjukuu wake chumbani, taratibu, akimtajia mmoja mmoja watu wote wanaomsubiri.