Nilichokisikia Mezani Nikakipeleka Sokoni

Shemeji yangu alisukuma mlango wa chumba changu asubuhi, soko likiwa limefunguliwa. Saa hizo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeugusa huo mlango.

Mkononi ana mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, viatu vyake vya kazi.

Mimi nipo mbele ya kompyuta, nacheka peke yangu. Ndiyo wadau, nilikuwa nacheka! Kwenye skrini kulikuwa na faida ambayo sijawahi kuiona tangu niianze kazi hii.

"Wamenisimamisha," akasema.

"Nani?"

"Kiwandani. Wanasema nimetoa nje habari ya tanuri."

Jamani...

Aliyeitoa nje ni mimi. Na ile faida niliyokuwa naichekea ilitokana na hiyo hiyo habari.

Sasa mnajua nilimjibu nini mume wa dada yangu? Mtu aliyenipa chumba, akanilipia intaneti miezi yote niliyokuwa sina hata nauli?

Nilimwambia, "Habari gani tena, shemeji?"

Alisimama pale mlangoni akiniangalia, mpaka nikajifanya kuna kitu natafuta kwenye droo. Mwishowe akasema basi, niendelee na kazi. Akaurudishia mlango taratibu ili usigonge.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi ni mfanyabiashara wa hisa. Mwenye leseni kabisa, siyo wale wa kukisia kwenye simu. Nyumbani wananiita Mishumaa, kwa sababu bei za hisa kwenye chati zinachorwa kama vijiti vya mishumaa, vyekundu na vya kijani. Dada yangu alipoingia siku moja akanikuta nimevikodolea macho, akaniuliza kama umeme umekatika huko duniani ndio maana naangalia mishumaa. Jina likaganda.

Kazi yenyewe haina mbwembwe mnazoziona mitandaoni. Naamka alfajiri, naoga, navaa shati lililopigwa pasi na viatu, halafu natembea hatua chache kutoka kitandani hadi mezani. Msicheke. Ukifanya biashara na pajama, unafanya maamuzi ya mtu mwenye usingizi.

Nasoma matangazo ya makampuni. Naangalia bei zilifungaje jana. Nachagua hisa mbili tatu za kufuatilia, na naamua mapema nikikosea natoka kwa bei gani. Soko likifunguliwa, robo saa ya kwanza nakalia mikono yangu. Kweli kabisa, naiweka chini ya makalio! Watu wengi hupoteza pesa dakika zile za mwanzo kwa pupa tu.

Na kabla sijabonyeza chochote, lazima niitamke sababu kwa sauti. Hiyo nilifundishwa na mama aliyenipa mafunzo, dalali mstaafu, mkali kuliko pilipili. Alikuwa anasema kama unaona haya kuitamka sababu yako, toa mkono kwenye kitufe.

Mimi sababu zangu nilikuwa nazitamka kwenye grupu. Nilikuwa na grupu la wafuasi, watu wengi tu, na kila asubuhi nawarekodia ujumbe wa sauti: leo nanunua hiki, leo nauza kile, na sababu ni hii. Walinipenda kwa hilo. Nami nilipenda kupendwa, nisiwafiche.

Sasa shemeji ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha chupa. Na hicho kiwanda hisa zake ziko sokoni.

Jioni moja tunakula, akamwambia dada kwamba wiki ijayo atakuwa anachelewa kurudi, maana tanuri linazimwa. Akaongeza, "Hiyo iwe ya humu humu."

Kijiko kilinisimamia njiani.

Tanuri la kuyeyushia kioo halizimwi ovyo. Linawaka mchana na usiku, sikukuu na siku za kazi. Mtu akizima tanuri, akili yangu ilinituma moja kwa moja kwamba kiwanda kinakufa, na wakubwa wanaficha.

Shemeji alikuwa bado anaongea. Mimi nilishanyanyuka. Niliacha nusu ya chakula kwenye sahani nikaenda kupiga hesabu.

Kesho yake nikafanya kitu kinaitwa kuuza hisa za kuazima. Unaazima hisa kwa dalali, unaziuza bei ikiwa juu. Zikishuka unazinunua kwa bei ya chini, unarudisha za watu, kinachobaki ni chako. Zikipanda, unalia.

Nikachukua simu, nikawarekodia watu wangu. Nilisema hivi, na sauti ilikuwa ya majivuno haswa: "Wadau, leo tunauza kiwanda cha chupa. Nina mtu wangu wa ndani, tanuri linazimwa. Mtanishukuru."

Sikuona haya hata kidogo. Mwalimu wangu hakuniambia kama kuna watu haya zimewaisha.

Ule ujumbe ulisambaa. Huyu kamtumia yule, yule kamtumia mwenzake. Kila aliyekuwa na hisa za kile kiwanda akaanza kuziuza kwa woga. Kwa siku mbili tatu mishumaa ikawa myekundu mfululizo, nami nacheka. Ndipo shemeji akatokea mlangoni na viatu kwenye mfuko.

Mngedhani siku ile ile niliifunga ile biashara, nikaenda kumpigia magoti.

Sikuifunga.

Bei ilikuwa bado inashuka, wadau. Nikajiambia nisubiri kidogo. Nikajiambia nikishavuna vizuri nitamfungulia shemeji karakana yake, atakuja kunishukuru. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Shemeji hakuweza kukaa bure. Akatengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu sana. Akafungua geti, akalipaka mafuta, akalifunga, kesho yake akalifungua tena. Mimi nasikia kila kitu kupitia dirishani, naangalia bei. Akipita mbele ya chumba changu anatembea kwa kunyata ili asinisumbue! Kule kunyata kwake kulinitesa kuliko kama angenitukana.

Mezani tulikuwa tunakaa watu watatu, na aliyekuwa anaongea ni dada peke yake. Anampa mumewe moyo. Anasema mtu mwema hakosi mtetezi. Mimi natafuna tu.

Halafu dada akaja na lake.

Shemeji alitakiwa kupeleka barua ya utetezi kabla ya kikao cha nidhamu. Dada akanijia na karatasi. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma humu ndani. Mwandikie shemeji yako maneno yaliyonyooka."

Na mimi nikaandika...

Naona aibu hata kuwasimulia. Nilikaa kwenye meza ile ile niliyofanyia dhambi, nikaandika kwa lugha safi: "Sijawahi kumweleza mtu yeyote, nyumbani wala nje, habari za kuzimwa kwa tanuri. Wala simfahamu aliyezisambaza."

Nikampelekea. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akafika pale, akasimama.

"Hapa tuache hivi hivi?" akaniuliza.

Ilikuwa nafasi yangu ya pili, na sikuijua. Au niliijua. Nikamjibu, "Hivi hivi, shemeji."

Akatia saini.

Kesho yake kiwanda kikatoa tangazo sokoni. Nilikuwa nimekalia mikono nikilisoma.

Tanuri lilizimwa kweli. Lilizimwa kwa sababu matofali yake ya ndani yamechakaa, na kila baada ya miaka kadhaa lazima yajengwe upya. Safari hii wanajenga kubwa zaidi, maana wamepata oda nono. Kiwanda hakikuwa kinakufa. Kilikuwa kinapanuka!

Ningebaki mezani nimalize sahani yangu ile jioni, ningeyasikia yote. Baadaye dada aliniambia kwamba shemeji alimweleza habari ya matofali mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa na furaha.

Bei iliruka. Sijawahi kuona mishumaa ya kijani mirefu namna ile. Dalali alipoona hasara inazidi dhamana yangu, akanifungia biashara kwa nguvu. Faida ikaondoka, mtaji ukaifuata. Akaunti ikabaki imefagiliwa.

Na hapo ndipo dhamiri yangu ilipoamka. Msinipe sifa, tafadhali. Iliamka baada ya pesa kwisha.

Siku ya kikao nilivaa lile shati langu la pasi, nikaenda kiwandani bila kumwambia mtu. Nilijua leseni yangu inaondoka. Kufanya biashara kwa habari za ndani ni kosa, na sisi wenye leseni tumelisomea. Nikasema acha iondoke, lakini shemeji arudi kazini.

Nikagonga mlango wa chumba cha kikao. Ndani kulikuwa na mkuu wa utumishi, ambaye ni mama mwenye miwani, na wakubwa wengine wawili. Shemeji amekaa mwisho wa meza. Aliponiona, alifumba macho.

Nilidhani ni mshtuko. Kumbe alikuwa ananiomba ninyamaze.

Sikunyamaza. Nilisema yote. Kwamba sauti inayozunguka ni yangu. Kwamba nilisikia mezani. Kwamba shemeji hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamwambia mkewe tu kwamba atachelewa. Niliongea vizuri, machozi yakanitoka. Nilipomaliza nilijihisi mwepesi, nikangoja waniambie ahsante kwa ukweli.

Mkuu wa utumishi akavua miwani.

"Hii sauti tulimsikilizisha shemeji yako siku tuliyomsimamisha," akasema. "Tulimuuliza kama anamjua mwenyewe. Akasema hamjui."

Nikamgeukia shemeji. Hakuinua uso.

Alijua... Alijua tangu dakika ya kwanza. Alisimama mlangoni kwangu na mfuko wa viatu akiwa tayari anajua.

Yule mama akaendelea, bila hasira. Alisema hawakuwa na ushahidi wowote, walimshuku tu kwa kuwa ni mmoja wa mafundi wachache waliojua. Alisema kabla sijaingia walikuwa wameshakubaliana arudi kazini Jumatatu.

Nikashika kiti.

"Kumweleza mkeo jambo la kazi, adhabu yake ni onyo," akasema. Kisha akaiinua barua, ile ya maneno yaliyonyooka. "Lakini kukidanganya kikao kwa maandishi, hilo sina namna ya kulisaidia."

Wakamfukuza pale pale, mbele yangu.

Nilijaribu kusema barua niliiandika mimi. Akaniuliza saini ni ya nani.

Tulitoka pamoja. Nje ya geti nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Alinijibu bila kupandisha sauti.

"Wewe ni damu ya mke wangu. Ningeanzaje kukutaja? Nilikuwa nakusubiri uniambie mwenyewe. Ungeniambia siku ile, ningerudi nikawaeleza, nikapewa onyo langu, yakaisha."

Tukatembea. Karibu na nyumbani akaniambia kitu kimoja tu, kwamba kwa dada nitasema mimi, yeye amechoka kusema uongo kwa ajili yangu.

Nikamwambia dada.

Nilimweleza kila kitu, sikuruka hata kipande. Mezani nilivyosikia, ujumbe, faida, barua, kikao. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na begi nilishalifungasha.

Akaniuliza swali moja.

"Siku zote hizo ulikuwa unakaa hapa, unakula na sisi?"

Nikasema ndiyo.

Akanyanyuka, akaenda jikoni.

Leseni nimeirudisha. Grupu nimelifunga. Shemeji anazunguka kutengeneza mashine za watu, siku nyingine anapata kazi, nyingine anarudi hivi hivi. Nami namfuata nikimbebea vifaa, hajaniambia nije wala nisije.

Nyie mnaonijia inbox kila siku mkiuliza mtu anaanzaje kuwa mfanyabiashara wa hisa, jibu langu limebadilika. Chati utajifunza, hesabu utajifunza, na hasara itakufundisha yenyewe. Lakini ukimkosea mtu wako, usingoje mpaka bei igeuke ndio ukamwambie. Mwambie akiwa bado amesimama mlangoni. Ukweli wangu ulikuwa ungali na faida siku ile ya kwanza. Nilivyouchelewesha, umemmaliza yule yule niliyetaka kumwokoa.

Dada hajanifukuza. Hajanitukana. Kila jioni akipakua ananiwekea na mimi sahani yangu, sawasawa na zao, na kuniita nije mezani.

Naenda. Na kila siku natamani angenifukuza.