Baridi ya Chumba cha Seva

Kilichompendeza Getruda katika ile nyumba ya Old Korogwe ni chumba cha nyuma. Januari ile ya mwaka 2002 mabati ya mji mzima yalikuwa yakilia kwa jua, lakini ukifungua mlango wa chumba kile baridi ilikupiga usoni. Hakikuwa na dirisha wala feni.

Alikuwa anaanzisha duka la barua pepe. Fundi wake, Godlisten, alimpa njia mbili: akodi nafasi kwenye mashine ya kampuni moja Dar es Salaam, au anunue seva yake, iliyotumika, barua za wateja zikae hapahapa hata laini ya simu ikikatika.

"Ila seva haizimwi, dada, na haipendi joto. Mimi ningekodi Dar."

"Joto? Njoo uone chumba changu."

Siku ya kupitisha nyaya, mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, alisimama kizingitini. Hakuingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, humo weka magunia, weka viti vibovu. Usiweke kitu kinachokesha."

Getruda alicheka, akawasha mashine.

Wiki ya pili ilianza harufu ya udongo mbichi, kama wa kisima kilichofukuliwa. Kisha mchana mmoja Shida, dada wa mapokezi aliyewasomea barua wasiojua kusoma, akamsogelea.

"Dada, nani anachapa huko nyuma?" alinong'ona.

"Hakuna mtu. Ile seva haina hata kibodi."

Wakatega sikio. Ta. Ta-ta. Ta. Polepole, kama mtu anayejifunza.

Alhamisi alikuja Mama Nalotuesha, mfugaji kutoka Kang'ata, kusomewa barua ya mwanawe Parsaoti, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo Morogoro. Shida akasoma kwa sauti: ng'ombe mwekundu amezaa? Mguu wako umepona? Halafu, kabla hajajizuia: "Mama, nimeshafika. Ingia chumba cha nyuma."

Mama Nalotuesha alikuwa ameshasimama. Mlango ukafunguka kabla hajaugusa, ukajifunga nyuma yake.

Getruda alivuta kitasa, akapiga mateke, akakimbilia swichi kubwa akakata umeme wa nyumba nzima, lakini seva iliendelea kunguruma, na ndani ya mngurumo ule akasikia sauti ya kijana ikiongea Kimaasai, taratibu, kwa upendo, na mama akiitikia, akicheka, na baridi ikitambaa chini ya mlango mpaka vidole vya miguu vikamfa ganzi, naye akabaki analia, "Mama, toka! Mama, huyo siye!"

Mlango ulipoachia, walimkuta Mama Nalotuesha amekaa sakafuni, midomo myeupe.

"Mbona mnatukatiza?" aliuliza.

Jioni Parsaoti alipigiwa simu. Hakuwa ameandika barua yoyote mwezi ule.

Mganga Sadala aliletwa kutoka Sindeni. Alifukiza ubani, akaweka sikio ukutani kwa muda mrefu.

"Alikuwa hapa kabla ya nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa peke yake, hajui mtu yeyote. Wewe umemletea barua za watu. Sasa anajua nani anamsubiri nani."

Waliitoa seva, Godlisten akaivunjavunja kwa nyundo, na Getruda akakodi nafasi Dar. Sadala alisoma dua siku tatu. Siku ya nne chumba kikawa na joto kama vyumba vingine, Getruda akakaa humo akitokwa jasho, akishukuru.

Jumamosi hiyo Parsaoti alishuka Kang'ata, begi begani, akiwa na wasiwasi na mama yake. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Alibisha hodi. Mama yake alifungua mlango kidogo tu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mgeni.

"Mama, ni mimi. Parsaoti."

"Shsh. Nenda zako," alinong'ona. "Mwanangu kalala, amechoka na safari."

Na kutoka gizani, kwa sauti yake mwenyewe Parsaoti, mtu akauliza, "Nani huyo, mama?"