Programu Iliyofundishwa Kunyamaza

Kila siku alipotoka shule, Nukta alianza na ufagio. Alivua viatu mlangoni pa karakana ya mama yake, akaning'iniza mkoba kwenye msumari, akafagia vipande vya vitambaa vilivyodondoka chini ya meza ya kukatia. Vikubwa aliviweka kikapuni, vidogo alivitia kwenye gunia. Kisha alizitia cherehani mafuta, tone hapa, tone pale, na kuzifuta ili zisije zikachafua nguo ya mtu. Jina la Nukta alipewa kwa sababu ya umbo lake dogo, ingawa mama mdogo alikuwa na maelezo yake mwenyewe. "Huyu akisema neno moja, hotuba imekwisha," aliwaambia wateja. "Sasa tumwite nani kama si Nukta?"

Siku hiyo hata kufagia hakumaliza. Alikuwa bado ameinama chini ya meza aliposikia mama mdogo akicheka, kicheko kile chake cha kushika mbavu, na sauti nzito ya mwanamume ikiuliza, "Fundi, hili ni koti langu au la mtoto wangu?"

Nukta alichungulia. Katikati ya chumba alisimama mwokaji mikate, mtu mrefu mwenye kifua kipana kama mlango. Mama mdogo alikuwa amejaribu kumvisha koti jeupe lililoshikizwa kwa uzi. Mkono mmoja tu ndio uliokubali kuingia, nao ukakwama kwenye kiwiko. Sehemu iliyobaki ilining'inia begani mwake kama taulo.

"Nimekata kama kompyuta ilivyosema," alisema mama mdogo huku akijifuta machozi ya kicheko. "Niliona mkono ni mfupi, lakini nikajiambia, mimi ni nani nibishane na kompyuta?"

Chini ya meza, Nukta hakucheka. Programu iliyotoa vipimo hivyo aliiandika yeye.

Aliiandika kwenye klabu ya kompyuta shuleni. Ukiiambia programu upana wa kifua, mabega, urefu wa mkono na wa koti, inakupa ukubwa wa kila kipande na kitambaa kinachohitajika. Mama alipowapima mwokaji na wafanyakazi wake, Nukta alivichukua vipimo vyao na kuviweka kwenye faili katika kompyuta ya klabu. Kule programu ilikwenda vizuri mno, hata mwalimu akawaita wengine waje waione. Mama alipouliza anaitengeneza ya nini, alijibu, "Ni kazi ya klabu tu."

Haikuwa ya klabu tu. Kila jioni mama alibaki karakana na chaki yake, akipiga hesabu za vitambaa vya kesho, na aliporudi nyumbani alimkuta Nukta amelala. Bibi alipakua chakula, wakala wawili. Nukta alifikiri kwamba hesabu zikifanywa na kompyuta, mama atarudi mapema. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Jana ndipo alipoileta programu kwenye flashi na kuisakinisha kwenye kompyuta ya karakana. Alipoifungua, ujumbe mwekundu ulitokea kwenye skrini. Mama na mama mdogo walikuwa wamesimama nyuma yake, wakisubiri kuona maajabu. Masikio yalimwaka moto. Aliufunga ujumbe bila kuusoma, akafungua tena, nao ukarudi. Basi akaandika haraka mstari mmoja wa kuiamuru programu: ukikwama, nyamaza, uendelee na vipimo vya majaribio. Wekundu ukatoweka.

"Iko tayari," alisema, wakampigia makofi.

Sasa mama aliingia, mkononi ana mfuko wa vifungo alivyokwenda kununua. Alimtazama mwokaji, akalitazama koti, akamtazama mdogo wake.

"Umekata mangapi?"

"Hilo moja, dada. Mengine nilikuwa nayaendea."

"Afadhali." Mama aliuweka mfuko mezani polepole. Kitambaa kile kililetwa na mwokaji mwenyewe. Kilikuwa robota moja, na dukani hakikuwapo tena. Kikiharibika, hakuna cha kukirudisha.

"Fundi, mimi sina neno," alisema mwokaji akijivua kile kipande cha koti. "Ila keshokutwa nafungua duka la mikate. Watu wangu wakisimama bila makoti, wateja watadhani ni wezi wamevamia tanuri."

"Njoo kesho jioni ujaribu tena," mama alimwambia. "Likikukataa, nitakuwa nimekosa mimi, si wewe uliyenenepa."

Mwokaji aliondoka akicheka. Mama mdogo alimvuta Nukta kutoka chini ya meza. "Hebu vaa wewe, mwanangu, tuone kama lina mwenyewe."

Nukta alilivaa. Mabega yalikaa sawasawa. Mikono ilifika palepale kwenye vifundo. Pindo lilishuka kwa urefu wa kupendeza, kama koti lililokatwa na fundi aliyempima kutwa nzima.

Mama mdogo aliacha kucheka. "Mbona kama umepimwa wewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Vile vipimo vya majaribio vilikuwa vyake mwenyewe. Alijipima kwa futi siku ya kwanza ya klabu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine karibu wa kumpima.

"Labda ni kompyuta hii," alisema mama mdogo kwa huruma, akiipigapiga kama mgongo wa ng'ombe mzee. "Kuukuu mno. Itakuwa imechanganyikiwa."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi. Nukta angeitikia kwa kichwa tu, na lawama yote ingebebwa na kompyuta ambayo haina mdomo wa kujitetea. Aliitazama robota ya kitambaa cheupe mezani. Aliyatazama macho ya mama yake, mekundu pembeni kwa kukodolea uzi.

"Si kompyuta," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Jana ilisema imekwama. Niliona aibu, nikaifundisha kunyamaza."

Alieleza yote, akishika pindo la koti jeupe utadhani pindo hilo ndilo litakalomshikilia asianguke. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya skrini.

"Iondoe hiyo amri ya kunyamaza."

"Ule wekundu utarudi, mama."

"Urudi. Jana hatukuamkiana vizuri."

Nukta aliufuta ule mstari na kuiendesha programu. Ujumbe mwekundu ulitokea tena, ukakaa pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

"Unasemaje?" aliuliza mama.

"Ni kosa tu."

"Nisomee. Mimi miwani yangu iko nyumbani."

Nukta alisoma kwa sauti, neno kwa neno: faili la vipimo halipatikani. Baada ya maneno hayo ilifuata anwani ndefu ya mahali programu ilipolitafuta. Ilianza na jina la kompyuta ya klabu, ikapitia folda ya klabu, ikaishia kwenye folda yake mwenyewe. Alipofika mwisho, aliirudia kwa kidole tangu mwanzo.

"Inatafuta shuleni," alisema taratibu. "Iko hapa, lakini inatafuta shuleni. Niliiandikia anwani ya kule."

"Maskini," alisema mama mdogo. "Kama mgeni anayeulizia nyumba ya shangazi yake kwenye mtaa ambao si wenyewe."

Walimpigia simu mwalimu wa klabu. Nukta alisimulia tena, na safari hii ilikuwa rahisi kidogo. Upande wa pili mwalimu alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa na mwiba.

"Karibu kwenye ukoo wetu," alisema. "Sote tumewahi kuapa kwamba mbona kwangu inafanya kazi. Kompyuta yako inajua vitu vyako vyote. Kompyuta ya mwenzako haijui kitu. Sasa sikiliza. Lile faili lifungashe pamoja na programu, visafiri pamoja. Halafu uiambie programu ilitafute ndani ya folda yake yenyewe, popote itakapokuwa. Mimi bado niko shuleni. Faili nitakutumia sasa hivi."

"Na ule mstari wa kunyamaza, mwalimu?"

"Programu ikikwama, mwache mtumiaji ajue. Hata daktari hawezi kumtibu mgonjwa anayesema hajambo."

Nukta alirekebisha. Mama mdogo alisimama nyuma yake akisoma kila herufi aliyoigusa, mpaka Nukta akamwomba angalau asimpumulie sikioni. Faili lilipofika, alivifungasha vyote pamoja, akaisakinisha upya, akabofya. Vipimo vya mwokaji vikatokea, kifua kipana na mikono mirefu. Mama mdogo alitaka kupiga makofi, lakini kabla hajaikutanisha mikono, Nukta akabofya kitufe cha kuhifadhi, na ujumbe mwingine mwekundu ukatokea.

Mkono wa Nukta ulikwenda kwenye kipanya ili aufunge ule ujumbe, kisha ukasimama.

"Huna ruhusa ya kuandika mahali hapa," alisoma kwa sauti, bila kuambiwa. Akafikiri. "Inataka kuweka majibu kwenye folda zinakokaa programu, na huko watumiaji wa kawaida hawaruhusiwi kuandika. Nitaiambia iyaweke kwenye nyaraka zako, mama. Huko ni kwako."

Alibadilisha, akajaribu. Hakuna kilicholalamika. Lakini hakusema kwamba iko tayari. Alichukua futi, akampima mama mdogo aliyekuwa akijikunja kwa kutekenywa, akaingiza vipimo hivyo, kisha mama akapiga hesabu ileile kwa chaki juu ya meza. Majibu yalilingana.

"Sasa nadhani iko tayari," alisema Nukta.

"Unadhani?" alitania mama mdogo.

"Ninadhani, na nimepima."

Likabaki lile koti dogo. Mama alilitandaza mezani, akaligeuza huku na huku. "Makoti haya yote yanataka mifuko na kola," alisema. "Mgongo huu utatoa mifuko. Mbele hapa zitatoka kola. Hakuna kitakachoingia kwenye gunia." Alichukua mkasi, na kutwa nzima ya kesho yake cherehani mbili zilikimbizana.

Mwokaji alirudi jioni kama alivyoambiwa. Aliingiza mkono wa kwanza kwa wasiwasi, kisha wa pili, akafunga vifungo vyote, akainua mikono juu na kuishusha. Koti lilimfuata. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani kalikata hili?" aliuliza.

"Mama mdogo amekata," alijibu Nukta. "Mimi ndiye niliyeharibu la kwanza, baba. Samahani."

Mwokaji aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Mimi mkate wangu wa kwanza ulivunja jino la baba yangu," alisema. "Njoo dukani ule ninaooka siku hizi."

Alipoondoka na furushi lake, mama mdogo alimsindikiza hadi barabarani, akilisifu koti kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Mama na binti yake wakabaki wawili. Mama alizima cherehani, akamvuta Nukta karibu.

"Nikuambie kitu, mwanangu. Sindano inayokuchoma kidole haina hatari kubwa, maana unajua iko wapi. Ile iliyotulia ndani ya pindo, hiyo ndiyo ya kuogopwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukosea si aibu, na kusema nimekwama si aibu. Kazi yoyote, iwe ya uzi au ya kompyuta, hunyooka pale mwenye kuifanya anapokubali kuusikia ubaya wake mapema. Juzi ulificha. Jana ulisema mbele yetu, na leo umesema mbele ya mteja. Mimi nimeona tofauti."

Nukta aliitikia kwa kichwa.

"Lakini kuna jambo bado sijalielewa," mama aliendelea. "Wewe si mtu wa pupa. Kwa nini juzi ulitaka iwe tayari palepale, hata ukashindwa kusoma maneno machache?"

Nukta alitazama chini. Jibu la zamani lilikuwa ulimini, limezoea njia: ni kazi ya klabu tu. Alilimeza.

"Nilitaka hesabu ziishe upesi ili urudi nyumbani mapema," alisema. "Huwa ninakukumbuka, mama, na tunaishi nyumba moja."