Salamu ya Mzidisho wa Saba

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, Kombeo lilianza kuzunguka, na watu wa Katesh walilisikia kwa nyayo kabla ya kulisikia kwa masikio. Chai ilifanya viduara vikombeni. Ndani ya jengo la duara chini ya mlima Hanang, mkono wa chuma wenye urefu wa mita arobaini ulikata hewa, na kwenye ncha yake kulikuwa na kijumba kisichozidi ukubwa wa bafu, chenye kiti kimoja na mtu mmoja.

Mtu huyo kwa kawaida alikuwa msafiri. Ubavuni mwa mlima ilipanda Reli ya Anga, iliyorusha mabehewa hadi kwenye vituo vinavyoizunguka dunia, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda behewa kabla Kombeo halijaupima mwili wake. Kipimo chenyewe kiliitwa mzidisho. Ukisimama sokoni ukichagua nyanya, uko kwenye mzidisho wa kwanza. Kwenye wa pili ni kama umembeba mtu wa uzito wako. Kwenye wa saba, kichwa cha kilo tano kinakuwa cha kilo thelathini na tano, na damu inakuwa nzito karibu kama chuma kilichoyeyushwa. Inashuka miguuni na kukaa huko. Moyo unaivuta juu kama mtu anayeteka maji kisima kirefu kwa kamba fupi, na ubongo unabaki unasubiri.

Siku hiyo ya Jumanne, aliyekuwa akifungwa mikanda kwenye kiti hakuwa msafiri. Alikuwa Natalia Gwandu, mwenye miaka hamsini na mmoja, ambaye kwa miaka kumi na miwili aliliendesha Kombeo kutoka upande wa pili wa kioo. Kanuni ilimtaka kila mwendeshaji apande mara moja kwa mwaka, hadi mzidisho wa tano tu, ili asisahau anachowafanyia wenzake. Natalia alikuwa ameahirisha zamu yake kwa miezi minane.

“Suruali ya kuzuia damu imekubana sawasawa, dada?” aliuliza Mhando, kijana wa Lushoto aliyeshika nafasi yake kwenye usukani.

“Imebana.”

“Basi ukumbuke kukaza mapaja na kuvuta pumzi kwa vipande. Na ukitapika humo ndani utaosha mwenyewe. Mimi kwetu nimelelewa vizuri, sioshi matapishi ya wakubwa.”

“Kwenu Lushoto mnalelewa na nani, Mhando? Na baridi?”

Mhando alicheka, kisha akakumbuka ni nani aliyekaa kwenye kiti kile. Akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Mfukoni mwa Natalia kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwa kamati iliyochunguza kifo cha msafiri Bura Gwandu, mdogo wake. Maswali yote alikuwa ameyajibu, isipokuwa moja: *Je, marehemu alikuwa na fahamu alipojibu salamu ya mwisho?* Mbele yake palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Kamati ilikuwa ikikutana saa nane mchana, na mwenyekiti alikuwa amempigia simu mwenyewe, kwa upole, kumwambia kwamba hawawezi kumngoja tena.

Salamu ndiyo iliyokuwa breki ya Kombeo. Vihisi vilikuwepo, vya kifuani na vya sikioni, lakini kwenye mizidisho mikubwa ngozi huteremka, na kihisi huteremka nayo na kusoma mambo yasiyokuwepo. Kwa hiyo waliolibuni walikubaliana kwamba chombo chaweza kukosea, lakini mtu hakosei hali yake mwenyewe. Kila baada ya sekunde kumi mwendeshaji aliuliza, “Hujambo?” Aliyemo ndani akijibu “Sijambo,” mkono uliongezwa kasi. Akinyamaza, mkono ulipunguzwa. Wataalamu wa nchi nyingine walikuja kulitazama jambo hilo na kulisifia.

Bura alikuwa na miaka thelathini na saba. Mama yao alifariki Bura angali mtoto wa miaka mitatu, na Natalia ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamkatia kucha. Kila asubuhi ya maisha yake Bura alimwamkia shikamoo, hata alipokuwa na ndevu, hata kwa simu. Siku ya kupimwa, salamu zilipanda vizuri. Wa nne, sijambo dada. Wa tano, sijambo dada. Wa sita, sijambo. Walipofika wa saba Natalia aliuliza, “Hujambo?” na kijumba kikajibu, kwa sauti nzito lakini iliyonyooka:

“Shikamoo.”

Naye, bila kufikiri, kama alivyofanya asubuhi zote za miaka thelathini na zaidi, aliitikia, “Marahaba.” Hata alitabasamu. Mkono wake ukasogeza kasi hadi wa nane.

Baada ya hapo hapakuwa na sauti. Kombeo halisimami ghafla; likisimama ghafla linamvunja aliyemo. Lilichukua sekunde ishirini na nane kutulia, na moyo wa Bura ulikuwa umekwishapoteza mwendo wake.

Hilo ndilo swali Natalia alilozunguka nalo miezi minane. Kama Bura alikuwa na fahamu, basi alijua anachosema. Alikuwa akimtania, au akimuaga, au akimwomba asimamishe kwa namna ambayo yeye tu angeielewa, na yeye hakuielewa. Kama hakuwa na fahamu, basi nani alimwamkia?

“Hujambo, dada?” Sauti ya Mhando iliingia masikioni.

“Sijambo, Mhando.”

Mzidisho wa pili. Mashavu yalianza kuteremka. Natalia alijihisi anazeeka na kuwa bibi kwa sekunde chache, midomo ikivutwa kidevuni.

“Hujambo?”

“Sijambo, Mhando.”

Wa tatu. Mkono wake uliokuwa pajani ulikataa kuinuka. Mbele yake palikuwa na taa nyekundu na taa ya kijani. Zilimsaidia aliyekaa hapo kujua macho yake yanaendeleaje, kwa kuwa jicho ndilo linaloanza kukosa damu. Hapo ndipo alipofanya alichokuja kufanya. Aliacha kukaza mapaja. Aliacha kuvuta pumzi kwa vipande. Alilegea, kama mtu anayejiachia kwenye maji.

“Hujambo?”

“Sijambo.”

Wa nne. Taa nyekundu ikawa ya rangi ya majivu. Ya kijani nayo ikawa ya majivu, hata hakujua tena ipi ni ipi. Kisha kingo za dunia zilianza kukunjwa kuelekea katikati, na akawa anatazama kupitia tundu, na tundu likawa la ufunguo, likafumba. Giza. Bado alisikia. Masikio ndiyo ya mwisho kuzima. Alikuwa amewaeleza wasafiri jambo hilo mara elfu. Alimsikia Mhando akiuliza. Alijiambia, sasa sikiliza, sikiliza utajibu nini.

Kisha akaiona taa nyekundu, nyekundu kabisa, na Kombeo lilikuwa limesimama.

“Mbona umesimamisha?” aliuliza. “Ndiyo kwanza tumefika wa nne.”

Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukirukaruka wenyewe juu ya paja, kama kuku aliyechinjwa. Aliutazama bila kuelewa ni wa nani. Mlango ulikuwa wazi. Daktari Sekela, mganga wa kituo, alikuwa amepiga magoti mbele yake akimmulika machoni.

“Natalia, jina lako nani?”

“Si umeshalitaja, daktari?”

“Haya. Leo ni siku gani?”

Alifikiri. Ijumaa ilikuwa karibu kuliko siku nyingine zote, lakini haikuwa hiyo. “Sikuzimia,” alisema. “Nilikuwa nasikia kila kitu.”

“Wote husema hivyo.” Daktari alimfungua mikanda. “Unafikiri umekaa humo baada ya giza kwa muda gani?”

“Sekunde moja. Mbili.”

Daktari Sekela na Mhando walitazamana. Natalia alikuwa ameyaona macho ya namna hiyo kwenye misiba, watu wanapoamua nani atasema.

“Nichezesheeni sauti,” alisema.

“Dada, pumzika kwanza. Unywe hata chai.”

“Mhando, nimekufundisha kazi mimi. Nichezeshee.”

Walimkalisha kwenye kiti chake cha zamani nyuma ya kioo, wakamfunika blanketi. Mhando alirudisha rekodi. Ilianza na utani wa Natalia kuhusu baridi ya Lushoto. Kisha salamu. *Sijambo, Mhando. Sijambo, Mhando. Sijambo.*

“Hii ya tatu naikumbuka,” alisema Natalia.

Rekodi iliendelea. *Hujambo? Sijambo.* Sekunde kumi. *Hujambo, dada? Sijambo.* Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima, mwenye adabu, aliyeketi kibarazani kwake. Haikuwa na wasiwasi wowote. Sekunde kumi nyingine. *Hujambo? Sijambo.*

“Hizo mimi sikuzisema.”

“Umezisema,” alisema Mhando kwa sauti ndogo. “Nikakupeleka wa tano, nikakukalisha hapo. Nilijua uko salama.”

Daktari Sekela alivuta kiti. “Damu ikipungua kichwani, haviondoki vyote kwa pamoja. Kumbukumbu inaondoka, hukumu inaondoka, mtu mwenyewe anaondoka. Ila yale tuliyofundishwa kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati, hayo yako chini kabisa, yanasubiri kidogo. Sisi mtu tukimuuliza hali kitandani, hata kama anakufa, atasema nzuri, halafu ndiyo aeleze kwamba anakufa. Ulimi unabaki na adabu zake, Natalia. Hakuna mtu nyuma yake.”

“Kwa hiyo miaka yote kumi na miwili…”

“Miaka yote tulikuwa tunawasalimia watu, nao wanatuitikia. Basi.”

Natalia aliona mkono wa Mhando ukielekea kuzima rekodi. “Iache,” alisema. “Kwa nini ulisimamisha? Kama nilikuwa najibu sijambo?”

Mhando alimwangalia daktari. Tangu kifo cha Bura kulikuwa na kanuni mpya: jibu lolote lisilokuwa sijambo, simamisha. Aliondoa kidole.

*Hujambo?* iliuliza sauti ya Mhando kwenye rekodi.

Kisha sauti ya Natalia, tulivu, yenye tabasamu ndani yake, sauti ya asubuhi mbele ya sufuria ya uji:

*Marahaba.*

Mkono wa kushoto uliruka mara moja zaidi, ukatulia.

“Hukuwa umeamkiwa na mtu, dada,” alisema Mhando, kama anayeomba radhi. “Nimerudia kusikiliza mara tatu kabla hujaletwa hapa. Mimi sikusema shikamoo. Hakuna aliyesema.”

Natalia alijaribu kurudi kule. Aliutafuta ule muda mahali ulipopaswa kuwa, kati ya giza na taa nyekundu, akakuta umeshonwa pembe kwa pembe, hakuna hata tundu la sindano. Alikuwa amekaa huko zaidi ya nusu dakika. Alikuwa ameamkiwa, akaitikia, na akatabasamu, na hakubakiwa na uso hata mmoja wa kurudi nao.

“Ndoto fupi huwa zinakuja,” alisema daktari. “Ni ubongo tu unajizima.”

“Najua, daktari.”

“Haina maana yoyote.”

“Najua.”

Aliitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti. Alama ya vema aliyoitia kwenye kisanduku cha Hapana ilitoka kubwa kuliko kisanduku chenyewe. Alijua maana yake. Kombeo lingesimama siku hiyohiyo, na lingesimama miezi, pengine miaka, mpaka wapate njia nyingine ya kujua kama ndani ya mtu mna mtu. Alijua pia kwamba kamati sasa ingeweza kuandika kwamba alimsogeza hadi mzidisho wa nane mtu asiyekuwepo.

Chini palikuwa na mistari miwili ya maelezo. Mhando alileta chai, akaiweka pembeni yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ilikaa kikombeni bila kutikisika. Hatimaye aliandika:

*Hakuwa na fahamu. Aliniamkia. Leo nimeitikia tena, na sijui nilikuwa wapi.*