Kamba Iliyonukia Sabuni

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiroboto alipitia kisimani na mama yake, msimamizi wa kisima cha mtaa. Jina hilo alipewa na baba, kwa kuwa binti huyo hakutulia hata akiwa anakula. Walishusha kamba yenye jiwe hadi chini kabisa, wakaivuta, wakatazama imelowa hadi wapi. Maji yasipofika kwenye kitambaa chekundu kilichofungwa kambani, sheria ilikataza kuchimba kisima kingine eneo lile.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano. Mkandarasi alitaka kuchimba visima vya nyumba mpya, na baba, fundi mwashi, alikuwa ameahidiwa kazi huko.

"Mwiko wangu umekaa bure hadi buibui wamepanga chumba," alitania asubuhi. Lakini chai yake hakuimaliza.

Mama alitangulia kupanga mabenchi, Kiroboto akapima peke yake. Kamba ilipotoka, kitambaa kilikuwa kikavu, na chini yake kipande kirefu kikavu vilevile. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona ndoo ya nguo zilizolowekwa. Akaimwagia kamba maji mpaka kitambaa kikachuruzika.

Mkutanoni, alipoonyeshwa kamba iliyolowa, mkandarasi alitabasamu hadi magego yakaonekana. "Wenyewe mnaona. Maji yapo tele."

Mama aliichukua kamba, akainusa kama afanyavyo siku zote kuona kama imegusa tope. Akainusa tena.

"Kiroboto, mwanangu, tangu lini kisima chetu kinafua nguo?"

Watu waliangua kicheko. Kiroboto alitamani kujificha chini ya benchi, lakini akasimama.

"Ni mimi, mama. Nilitaka baba apate kazi."

Kicheko kikakatika. Walikwenda kupima upya, na kitambaa kikatoka kikavu.

"Basi, bila visima sijengi," mkandarasi akasema huku akikusanya ramani zake.

"Ngoja kwanza, bosi," baba akasema. "Sheria imekataza visima, haijakataza mapaa. Punguza nyumba, kila moja uichimbie tangi la kukinga mvua. Tangi lijae kwanza, ndipo watu wahamie."

"Na nani atanijengea tangi lisilovuja?"

"Unaongea naye."

Mkandarasi alimtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa. "Hilo sheria inaruhusu." Wakapeana mikono.

Njiani kurudi, Kiroboto alimshika baba mkono. "Umenikasirikia?"

"Kidogo. Ungetupatia nyumba mpya na mabomba yanayokohoa, na wa kwanza kubeba ndoo kwenda mbali ungekuwa wewe. Kazi hutafutwa upya, mwanangu. Kisima kikikauka, tutahama wote. Ukweli ule wa kamba ndio ulionifanya nifikirie matangi."

"Na zile nguo," mama akadakia, "zinakusubiri. Maji ya kufulia umeyamwaga, kwa hiyo leo utafua kwa ndoo moja tu."

Walipofika nyumbani, baba akaanza kuufuta mwiko wake utando wa buibui.