Milango Kumi ya Mbuke

Kitandatembezi kilielea shubiri moja juu ya sakafu, kikipita kimya kwenye korido za hospitali kuu ya mji wa Nuruni. Juu yake alilala Mbuke, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili. Kioo kilichoning'inia juu ya kifua chake, ambacho watu walikiita kionamwili, kilionyesha moyo wake uking'aa samawati, umevimba, ukipiga kwa kusuasua. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na moja, na moyo ule usingeweza kuibeba.

Sheria iliruhusu mimba itolewe ili kuokoa maisha yake. Kilichobaki ni daktari, na kazi ya kumtafuta ilikuwa ya Mpangaji, akili bandia iliyoendesha hospitali. Siku ya kwanza kazini, kila daktari aliulizwa kama angetoa huduma hiyo. Aliyekataa hakuletewa mgonjwa wa namna hiyo kamwe. Kitanda cha mgonjwa huyo kilipokaribia, kioo cha mlango wa daktari kiligeuka ukungu mpaka mgonjwa apite.

Tangu asubuhi Mbuke alikuwa ameona milango tisa ikigeuka ukungu. Alianza kudhani anaota.

Nyuma ya mlango wa kumi alikuwamo Daktari Kundaeli Shao. Alitoka kwenda kunywa chai, akakuta kitanda kimesimama.

"Samahani dada, unamsubiri nani?"

"Sijui, daktari. Naambiwa milango imekwisha."

Akakisoma kionamwili. "Mpangaji, mbona hukuniita?"

"Ulijibu hapana," sauti laini ilisema kutoka darini. "Miaka kumi na miwili iliyopita."

Alikumbuka. Mkuu wake alikuwa amesimama nyuma yake, na wenzake wote walikuwa wameshajibu hapana. Aliogopa kuonekana mtu wa ajabu. Tangu siku hiyo hakulifikiria tena.

"Badilisha jibu langu."

"Jibu jipya huanza kutumika baada ya siku thelathini."

Mbuke akasema polepole, "Siku thelathini mimi sina."

Kundaeli akakizima kitanda. Kikashuka, magurudumu ya dharura yakatoka, naye akakisukuma mwenyewe hadi chumba cha upasuaji. Alifanya kazi yote huku Mpangaji akimrudia onyo kwa upole uleule, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mchana Mbuke alizinduka. Alitazama mwanga uliokuwa ukitembea ukutani, akashusha pumzi.

"Wenzangu waliopita hapa kabla yangu," aliuliza, "walikwenda wapi?"

Kundaeli alipohakikisha moyo wa mgonjwa wake umetulia, alirudi ofisini akamwuliza Mpangaji.

"Wanawake mia mbili na kumi na wanne walipita mlangoni pako. Wakishatoka nje ya lango, sina habari zao."

"Nipe majina."

Majina yakaanza kushuka ukutani, taratibu, kama manyunyu. Akapiga simu kwa jina la kwanza. Ikapokelewa na msichana.

"Shikamoo. Nani mwenzangu?"

"Marahaba. Namtafuta Bi Tabu Senyagwa."

"Mama alifariki mwaka nilioanza shule. Wewe ni nani?"

Kidole cha Kundaeli kilikuwa tayari kukata simu. Akavuta kiti, akakaa, akamwambia yeye ni nani.